Binti wa Mzee Skrubu

Kwao walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba, na jina lilimganda mpaka alipoanza kuota mvi. Hilo hakulichukia. Alilolichukia ni la mtaani. Mtaani aliitwa Binti Skrubu, kwa kuwa baba yake alikuwa Mzee Skrubu, na Mzee Skrubu alijulikana na kila mtu, mpaka mbwa.

Mzee alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika kiwanda cha nyuzi. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walidai haki zao kwa fedha. Yeye aliomba apewe mashine kuukuu ya kukereza aliyoifanyia kazi miaka kumi na tisa. Walimpa, na nadhani walimcheka akigeuka. Mashine ililetwa kwa mkokoteni, wanaume sita wakihema, ikaingia sebuleni na haikutoka tena. Tangu siku hiyo wageni walipokelewa uani. Mama Kitinda alilia siku mbili, siku ya tatu akatandika kitambaa juu ya ile mashine na kuweka chupa ya chai, akasema, "Basi na iwe kabati."

Mzee hakwenda popote bila skrubu, nati na vipande vya waya mfukoni. Akikaa, mifuko ililia. Akichukuliwa na usingizi kwenye kiti, skrubu zilidondoka moja moja sakafuni kama jogoo anayedonoa bati. Na kila baada ya miezi kadhaa alivumbua kitu. Vingine vilifanya kazi. Vingi havikufanya.

Kitinda alipokuwa darasa la tano, wazazi walialikwa shuleni kueleza kazi zao. Mzazi mmoja alikuja na stetoskopu, mwingine na kofia ya rubani. Mzee Skrubu alikuja na ovaroli lenye mafuta na mashine ya kuchonga penseli thelathini kwa mpigo mmoja. Akakusanya penseli za darasa zima, akazipanga kwenye matundu, akakanyaga kipedali. Mashine ilinguruma, ikatetemeka, ikazitafuna penseli zote mpaka kwenye vifutio. Unga wa mbao ukatanda darasani. Mzee akainua kipande kimoja kilichobaki, kirefu kama njiti ya kiberiti, akasema kwa upole, "Kidogo tu imezidisha." Darasa lilicheka mpaka mwalimu akacheka. Na Kitinda naye, aliyeketi dawati la mbele, alicheka kuliko wote, ili mtu asidhani yule ni wake. Jioni baba yake alimletea penseli mpya, kaichonga kwa kisu, ncha kali kama sindano. Kitinda aliichukua bila kumwangalia usoni.

Aibu ya mtoto mtu huisamehe. Yake ilikua pamoja naye. Alisoma vizuri, akapata chuo, akaolewa na mtu wa watu. Siku ile baba mkwe alipouliza, "Na mzee mwenzangu alikuwa akifanya kazi gani?" Kitinda alimwahi baba yake kabla hajafungua mdomo. "Mhandisi," alisema. "Mhandisi mstaafu." Mzee alimtazama, akatazama vidole vyake vyenye makovu, akasema, "Ndiyo, nimestaafu." Uongo ule ukawa kama doa la mafuta, ukisugua linatanuka. Ofisini alipoajiriwa nako alisema hivyo hivyo: baba mhandisi, amestaafu, anaishi mbali. Kumbe anaishi basi mbili tu kutoka pale.

Ofisi yenyewe ilikuwa Mfuko wa serikali. Kazi yake ilikuwa kutafuta tafiti za viwandani na bunifu zilizolala makabatini mwa vyuo na vibandani mwa mafundi, na kuzipa ruzuku zipate kutengenezwa kwa wingi na kufika sokoni. Kitinda alikuwa afisa tathmini. Yeye na dada mmoja wa meza ya pili, msomi wa kemia mwenye kicheko kikubwa, ndio waliosoma maandiko ya waombaji, wakayapa alama, na yaliyofaulu yakapelekwa mbele ya jopo la watu watano, wao wawili wakiwamo. Kitinda aliipenda kazi ile. Alikuwa na jicho. Angesoma kurasa mbili akajua nani amefanya kazi na nani amenakili. Zaidi ya mara moja aliwatetea mafundi wasiojua kuandika dhidi ya madaktari wa falsafa wanaoandika vizuri vitu visivyokuwapo. Ndiyo maana jambo lililokuja baadaye lilimuuma zaidi. Hakuwa mtu mbaya kwa watoto wa watu.

Asubuhi moja, katika rundo la bahasha, aliona mwandiko. Herufi kubwa tupu, zimesimama wima kama zimepigwa kwa mraba, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo juu ya chuma kwa chaki. Hakuhitaji kugeuza upande wa mtumaji.

MAOMBI YA RUZUKU YA KUBASHARISHA TREI ZA MAYAI, lilisema andiko.

Si kubiasharisha. Kubasharisha.

Alisoma kwa pumzi moja, mlango kaufunga. Baba yake alikuwa ameunda mashine ya kutengeneza trei za mayai kwa karatasi chakavu. Trei za karatasi zipo dunia nzima, lakini zikilowa zinalegea, na muuza mayai anayepita kwenye mvua anajua kilio chake. Mzee alichanganya rojo la karatasi na nyuzi za shina la mgomba, lile shina linalotupwa ndizi zikishakatwa, nyuzi zikakamuliwa kwa mashine yake mwenyewe. Kulikuwa na michoro kwa penseli, safi kuliko andiko. Nyuma kabisa kulikuwa na barua ya mwalimu wa chuo cha ufundi, aliyezipima trei kwenye maabara: zililoweshwa robo saa, zikabebeshwa mayai thelathini, hazikupasuka. Mwalimu alimalizia kwa kusema hajawahi kuona nyuzi zikikaa vile kwenye kalibu ya kufinyangia trei.

Kitinda alijua, kwa jicho lake lile lile, kwamba hilo ndilo andiko bora la msimu ule. Na bado alichokiona ni ile kubasharisha.

Kulikuwa na fomu. Kila andiko lilikuja na fomu ya afisa: je, una udugu, urafiki au biashara na mwombaji? Ndiyo au hapana. Ukijaza ndiyo, faili linapewa mwingine, na siku ya jopo unatoka nje mpaka mwombaji amalize. Basi. Hakuna lawama wala kesi. Jina la ukoo la Kitinda lilikuwa la mumewe, kwa hiyo hakuna ambaye angehisi. Alishika kalamu. Akamwona akilini dada wa meza ya pili akiuliza, "Kumbe yule mhandisi wenu ndiye huyu wa darasa la saba?" Akasikia kicheko chake, kile kikubwa. Akaweka alama kwenye HAPANA, kisha akalisukuma faili meza ya pili. "Nisomee hili," alisema, "mimi nimelemewa." Alijiambia kwamba kwa njia hiyo ametenda haki, maana hakulipa alama yeye mwenyewe. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Dada wa meza ya pili alilipenda. Alilipa alama za juu. "Huyu mzee hajui kuandika," alisema, "lakini anajua anachokifanya. Ningekuwa na baba kama huyu ningejidai mji mzima." Kitinda akainama kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwamo.

Wiki mbili zilizobaki kabla ya jopo hakwenda kwao. Baba yake naye hakupiga simu kumwambia kwamba ameomba. Alijua vizuri mwanawe anafanya kazi wapi. Baadaye Kitinda alikuja kujua kwa nini alinyamaza: mzee hakutaka mtu aseme amebebwa.

Siku ya jopo ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Chumba cha mkutano kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na feni iliyokuwa ikigugumia. Mwenyekiti alikuwa profesa mstaafu, mama mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ili umsikie. Kando yake mtu wa benki, kisha mwenye kiwanda cha sabuni, kisha dada wa meza ya pili, na Kitinda mwishoni.

Mzee Skrubu aliingia akiwa wa sita. Alivaa koti la harusi ya Kitinda, ambalo siku hizi lilimpwaya mabegani. Alikuwa amekumbatia rundo la trei na ndoo ya plastiki. Alipoinama kuiweka ndoo chini, mfuko ulilia. Kitinda aliisikia sauti ile akawa mtoto wa darasa la tano.

"Kabla hatujaanza," mwenyekiti alisema, kama alivyosema kwa kila mwombaji, "kuna mjumbe yeyote anayefahamiana na mzee huyu?"

Mtu wa benki alitikisa kichwa. Mwenye sabuni alitikisa. Dada wa meza ya pili alisema hapana. Kitinda alikuwa akiandika tarehe kwenye karatasi. Aliandika tarehe mara ya pili, juu ya ile ya kwanza.

"Afisa?"

"Hapana," alisema. "Simfahamu."

"Na wewe mzee, kuna unayemfahamu hapa?"

Mzee aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, bila haraka, kama anayesoma kipimo. Alipofika mwisho wa meza hakusita. Labda kufumba na kufumbua tu.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Mimi hapa ni mgeni."

Kisha akafanya kazi yake. Aliichukua trei moja, akaizamisha kwenye ndoo, akaishikilia huku akieleza. Alieleza vizuri sana, kwa mikono. Alisema karatasi ni kama mkate, maji yakiingia imekwisha, lakini nyuzi za mgomba zinashikana kama watu wenye undugu, huwezi kumvuta mmoja. Akaitoa ile trei inachuruzika, akaomba chupa za maji za mezani, akazipanga juu yake zote, akaiinua kwa mkono mmoja na kuzunguka nayo meza nzima. Mwenye sabuni alipiga makofi bila kujijua.

"Sasa, mzee," mtu wa benki alisema, akitabasamu, "hapa umeandika unataka kubasharisha. Ndiyo nini hiyo? Kubashiria?"

Watu walicheka, si kwa ubaya. Kitinda alicheka pamoja nao. Kicheko kilimtoka chenyewe, cha juu kidogo kuliko cha wengine.

Mzee naye alitabasamu. "Ni kupeleka sokoni, mheshimiwa. Neno ni kubwa kuliko mdomo wangu."

"Afisa, una swali?" mwenyekiti aliuliza.

Alipaswa kuuliza. Mtu asiyeuliza huonekana. Akatazama karatasi yake, akasoma swali la kwanza aliloliona. "Kiwango chako cha elimu, mzee?"

"La saba," baba yake alijibu. Akamwangalia usoni, kwa adabu kabisa. "La saba, mama. Shule iliyobaki niliwasomesha watoto."

Mzee alipata alama za kwanza katika msimu wote. Majina yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi na kwenye ukurasa wa Mfuko mtandaoni, pamoja na picha, na siku kumi na nne za pingamizi zikaanza kuhesabiwa. Hapo ndipo mzee alipopiga simu.

"Umekula?" aliuliza.

"Nimekula, baba."

"Haya. Njoo Jumapili. Mama yako anataka kukuambia jambo la kheri, mimi sitaki kumharibia."

Jumapili alikwenda. Mama yake alimwambia habari ile kana kwamba Kitinda anaishi nchi nyingine. Alicheka, akapiga vigelegele viwili, akamshika mikono. "Na wewe siku hiyo hukuwepo? Si ofisi yenu hiyo hiyo?"

Kitinda alifungua mdomo.

"Kulikuwa na watu wengi," mzee alisema haraka, akikaza nati isiyohitaji kukazwa. "Wana vyumba vingi pale. Hakuniona."

Mama aliridhika. Mzee hakuinua macho. Walikula, wakaongea habari za bati la banda jipya, na Kitinda alimeza kila tonge kama anameza kokoto. Alitaka afokewe. Alitaka atukanwe. Badala yake alipewa kifurushi cha viazi akawapelekee wajukuu.

Siku ya tisa, mwanamke mmoja aliyesoma naye darasa la tano aliiona ile picha mtandaoni. Aliandika chini yake kwa furaha tupu, maskini, bila kinyongo: "Mzee Skrubu wetu! Aliyezitafuna penseli zangu! Hongera sana mzee, na hongera kwa binti yako aliye hapo hapo Mfuko, rafiki yangu Kitinda." Akaweka na vichwa vya kucheka.

Siku ya kumi mwombaji mmoja aliyekosa aliwasilisha pingamizi. Siku ya kumi na moja mwenyekiti alimwita Kitinda.

Mama yule hakupandisha sauti. Alikuwa na fomu tatu mbele yake: ya afisa, ya siku ya jopo, na ya mwombaji. Alizigeuza zimtazame Kitinda.

"Ni baba yako mzazi?"

"Ndiyo, profesa."

"Na ulikuwa unasema mhandisi."

Kitinda aliitazama sahihi yake kwenye fomu ya kwanza.

"Ungesema neno moja," mwenyekiti alisema. "Baba. Ungetoka nje, ukanywa chai yako barazani, sisi tungemsikiliza. Wanne sisi tulimpa alama za juu kuliko wewe. Nimeangalia. Wewe ndiye uliyempa za chini." Akazirudisha fomu upande wake. "Angepata kwa haki yake, bila tone la doa. Sasa ruzuku inafutwa. Si kwamba nataka. Sheria ndivyo ilivyo."

"Nifutwe mimi, profesa. Yeye hana kosa."

"Na yeye ana kosa. Alisema hana anayemfahamu. Mwombaji aliyesema uongo mbele ya jopo anazuiwa misimu mitatu."

Hapo Kitinda alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa hajalifikiria. Baba yake, mtu aliyekataa kupiga simu ili asibebwe, ameandikwa mwongo katika karatasi ya serikali, na uongo wenyewe alimsemea yeye.

Aliomba ruhusa, akapanda basi mbili, akafika kwao mchana. Mzee alikuwa nyuma ya nyumba, anamimina zege. Alikuwa amechimba na kupanga mawe ya msingi wa mashine kubwa, kamba zimevutwa sawasawa, na ovaroli lake lilikuwa limerukiwa na saruji. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akimwelekeza mambo asiyoyajua.

Kitinda alisimama hapo hapo, viatu vya ofisi kwenye mchanga, akasema yote. Alianzia kwenye bahasha. Mama yake mwanzoni hakuelewa, kisha akaelewa.

"Ulikuwepo?" alisema. "Ulikaa ukamwangalia baba yako, ukasema humjui?"

"Mama..."

"Mkataa kwao ni mtumwa," mama yake alisema. "Niliambiwa hilo nikiwa mdogo nikadhani ni maneno tu ya wazee." Akainuka, akaingia ndani, na mlango wa uani, ambao haukuwahi kufungwa mchana, ukafungwa.

Mzee alikuwa bado ameshika mwiko wa zege. Aliulaza taratibu.

"Niliona umeinama," alisema. "Nikadhani ndiyo taratibu ya huko. Nikasema labda wakijua ni mwanangu watamfukuza kazi. Ndiyo nikasema simjui mtu."

"Najua, baba."

"Hilo halikuniuma. Kukukinga ni kazi yangu." Alijifuta mikono kwenye suruali, mkono mmoja, kisha mwingine. "Ila ulicheka. Yule bwana alipouliza lile neno. Wengine walicheka, sawa, hawanijui. Nilisikia kicheko chako, nakijua tangu huna meno."

Kitinda alianza kulia. Mzee hakumzuia wala hakumsogelea.

"Sijakasirika," alisema baadaye. "Nimechoka tu. Nenda kazini, usije ukachelewa."

Zege lilikuwa linaanza kukauka kwenye karai. Akaendelea kulimimina, kwa kuwa zege halingoji.

Kitinda aliandika barua ya kukiri kosa usiku haujaingia, na kesho yake akaipeleka. Wiki mbili baadaye aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, watu saba, wengine hakuwahi kuwaona. Hakujitetea. Alisema mwombaji yule ni baba yake, ni fundi wa kukereza vyuma, elimu yake darasa la saba, na hakuwahi kuwa mhandisi ila kwa uongo wa binti yake. Alisema mzee aliulizwa baada ya yeye kujibu, na asingeweza kusema kweli bila kumwangamiza mwanawe. Aliomba adhabu ya baba yake aongezewe yeye. Dada wa meza ya pili, aliyeitwa kama shahidi, alikaa akitazama ukuta. Dada yule hakucheka. Baadaye kwenye ngazi alimwambia kitu kimoja tu: "Mimi wangu alikufa nikiwa na miaka minne," akashuka.

Kamati ilimwondoa Kitinda kwenye tathmini, ikampeleka masjala kupanga mafaili, chumba cha chini kisicho na dirisha. Zuio la mzee lilipunguzwa likawa msimu mmoja. Ruzuku ilikwenda kwa aliyefuata kwenye orodha, mtu wa dawa ya kung'arisha viatu.

Mumewe alimfariji alivyoweza. Alimwambia watu husahau. Kitinda alijua wakwe zake hawajasahau, maana baba mkwe, alipomaliza kusikia, aliuliza swali moja: "Kwani fundi ana ubaya gani? Mimi nilianza kwa kushona viatu." Miaka kumi na miwili hakuwahi kumwambia hilo, na Kitinda hakuwahi kumuuliza.

Mama yake alimnunia miezi minne, kisha siku moja akampigia simu kumuuliza bei ya sukari, na wakaendelea hapo. Mzee hakununa. Hilo ndilo lililomtesa Kitinda. Mzee akawa na adabu. Kitinda akifika, mzee alisimama, akamfutia kiti, akasema karibu. Akitaka bisibisi iliyo karibu na mguu wa Kitinda alisema, "Samahani, tafadhali nisaidie hiyo." Baba yake, ambaye maisha yote alimwita kwa kupiga mluzi! Alimtendea kama mtu aliyetoka ofisini. Kitinda aliomba radhi mara ya pili, na ya tatu, na kila mara mzee alisema, "Yamekwisha, mama, usijisumbue," na kumwongezea chai.

Zuio lilipokwisha, mwalimu wa chuo cha ufundi alikuja mwenyewe, akakaa uani siku tatu, wakaliandika upya andiko pamoja. Kitinda hakuombwa kusoma, wala hakuthubutu kujitolea. Alipata habari kutoka kwa mama yake. Safari hii ruzuku haikuwa ile ya kwanza. Ilitosha mashine moja, si mbili, na tanuri la kukaushia halikuwamo. Trei zikawa zinaanikwa juani, juu ya chanja za mbao, na wanawake watatu wa mtaa ule wakapata ajira ya kuzigeuza. Wauza mayai walianza kuja mmoja mmoja. Watu waliokuwa wakimcheka mzee sasa walimletea karatasi chakavu na ushauri, vyote viwili bila kuombwa.

Kitinda alikuja kila Jumamosi. Hakuna aliyemwita. Alijifunga kanga, akageuza trei pamoja na wale wanawake, kuanzia asubuhi mpaka jua linapolegea. Vidole vilipasuka kwa nyuzi. Mmoja wa wale wanawake alimuuliza, "Si unafanya kazi serikalini wewe, unatafuta nini huku?" Akajibu kwamba ni nyumbani kwao, na shingo ilimuwaka kwa kulisema hilo jambo rahisi.

Jumamosi moja mvua ilikuja bila kubisha hodi. Saa nane mchana jua lilikuwa kali, na ghafla upepo, na matone makubwa kama shilingi. Chanja zote zilikuwa zimejaa trei mbichi, na trei mbichi, iwe na nyuzi au isiwe nazo, maji huirudisha rojo. Wanawake walipiga kelele. Kitinda alikimbilia chanja iliyokuwa karibu naye, akaanza kubeba mbili mbili kwa uangalifu, asizivunje.

"Wewe Kitinda!" Sauti ilitoka mlangoni mwa banda kama nyundo. Mzee alikuwa amesimama mvuani bila shati, mikono hewani. "Unabeba mayai hapo? Unaona akili hiyo? Shika chanja! Chanja nzima, inue, ingiza! Una mikono ya mapambo wewe? Haya, huku, huku, upande wangu!"

Kitinda aliacha zile trei zikaanguka, akashika upande wa chanja, baba yake akashika wa pili. Waliingia nayo bandani wakiyumba, wakarudi kuchukua nyingine. Mzee alimfokea njia nzima. Alimwita mvivu, akamwita kiziwi, akamwambia alimrithi shangazi yake kwa uzito. Waliokoa chanja tano kati ya tisa. Zilizobaki zilikuwa uji mtupu, zinatiririka kwenye mchanga mpaka barabarani.

Walipomaliza walisimama bandani wanachuruzika, wanahema. Mzee alikuwa bado anabubujika maneno. Mama, chini ya dari ya jikoni, alikuwa amejishika kiuno anawatazama. Kitinda aliinamisha uso kukamua kanga yake, akaikamua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Na Jumamosi ijayo," mzee alisema, "uje mapema. Si kuja saa tatu kama waziri."